Neno "Tu" Kwenye Swali la Nne

Siku ya kwanza ya usahihishaji wa mtihani wa vyuo vya ualimu, walimu thelathini na wawili waliingia bwaloni kila mmoja amebana mto wa kukalia kwapani. Mabenchi ya shule ile ya bweni yalikuwa na sifa mbaya, na aliyekuja bila mto alijulikana kufikia saa nne asubuhi, kwa kuwa alikuwa amesimama. Wanafunzi walikuwa likizo. Meza ndefu za chakula zilikuwa zimesuguliwa kwa sabuni na kupangwa safu mbili, na juu ya kila meza kulikuwa na kadi yenye namba ya swali. Meza moja, swali moja. Karatasi zilikuja zimefungwa kwa kamba, ishirini na tano kila furushi, na hakuna iliyokuwa na jina. Kila mtahiniwa alikuwa namba, basi.

Kiongozi wa meza ya nne alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwalimu wa chuo cha ualimu, ambaye wenzake walimwita Chaki. Jina hilo lilimpata ujanani kwa sababu hakujua kufundisha bila kujifuta mikono kwenye sketi. Alikuwa mtu wa kutulia. Akishajua jambo, alilijua, na hakuhitaji kupandisha sauti ili walimwengu nao wajue.

Mkuu wa usahihishaji alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Huyo aliitwa Rula. Alipokuwa mwalimu kijana, kila mstari aliuchora kwa rula, hata ule mdogo wa chini ya tarehe, na mpaka leo, akiwa na miaka hamsini na sita, mistari yake ilikuwa imenyooka vilevile. Hata maneno. Kulikuwa na neno moja la hisabati alilolikataa maisha yake yote. Wenzake waliziita saba, kumi na moja na kumi na tatu namba tasa, kama vitabu vinavyosema. Rula aliandika "namba zisizogawanyika."

"Namba hazizai," aliwahi kusema kwenye kikao, "kwa hiyo hazina utasa. Tuendelee."

Hakuna aliyeuliza tena. Rula hakujaliwa mtoto, na ndoa yake ilivunjika kwa neno hilohilo.

Kwa siku tisa za kazi, Chaki alilala kwa wifi yake, kwa kuwa nyumba ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni. Nyumbani walitaniana kama mawifi wanavyotaniana. Walipofika kwenye geti la shule, Rula alishusha pumzi, akanyoosha kola, na akawa Mkuu. Chaki naye akawa mwalimu kama walimu wengine. Walikuwa hawajawahi kuambiana kwamba iwe hivyo, ila ilikuwa.

Swali la nne lilikuwa fupi. Lilisema kwamba saba haigawanyiki katika namba kamili za kawaida. Lakini ukiruhusu na namba za aina ya a + b√2, yaani namba kamili ukiichanganya na kipeuo cha pili cha mbili, saba inavunjika. Ivunje iwe namba mbili ambazo hazigawanyiki zaidi, na ueleze. Alama tano. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa mfupi kuliko swali lenyewe: (3 + √2)(3 − √2) tu.

Mwongozo huo aliuandika Rula. Yeye alikuwa mtu wa jiometri, lakini aliyetunga swali alistaafu kabla hajaandika majibu, na kazi ikamwangukia mkubwa.

Mezani kwa Chaki kulikuwa na wasahihishaji wanne. Mmoja wao, bwana mnene mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, aliitwa Chapuchapu. Alimaliza furushi wakati wenzake wako katikati.

"Haraka haraka haina baraka," jirani yake alimchokoza.

"Baraka ninayo," alijibu bila kuinua macho. "Sina muda tu."

Kazi ya kiongozi ilikuwa kuchukua karatasi moja katika kila kumi na kuipitia upya kwa kalamu ya kijani. Siku ya tatu, baada ya chai ya saa nne, Chaki alichomoa karatasi kutoka furushi la Chapuchapu. Mtahiniwa alikuwa na mwandiko mdogo uliolalia kushoto. Alikuwa ameandika: 7 = (5 + 3√2)(5 − 3√2). Chini yake maelezo ya mistari minne, safi. Pembeni, kwa wekundu wa Chapuchapu: 0.

Chaki alizidisha kichwani. Tano mara tano, ishirini na tano. Tatu-kipeuo mara tatu-kipeuo, tisa mara mbili, kumi na nane. Ishirini na tano toa kumi na nane, saba.

Akaweka kalamu chini.

"Bwana Chapuchapu, hii umeikata kwa nini?"

"Haiko kwenye mwongozo."

"Umeizidisha?"

"Mwongozo umesema tu." Aligonga karatasi ya mwongozo kwa kidole. "Tu ni tu. Ningekuwa nazidisha kila ninachosoma ningekuwa bado niko furushi la kwanza kama ninyi."

"Za namna hii umeona ngapi?"

Akafikiri. "Kwenye kila furushi, mbili. Labda tatu."

Chaki alichukua karatasi chakavu akaanza kuandika. Alijua kinachoendelea kabla hajamaliza, lakini alitaka kukiona. Kila namba ya aina hii ina kipimo chake: chukua sehemu ya kwanza uizidishe kwa yenyewe, utoe mara mbili ya sehemu ya pili iliyozidishwa kwa yenyewe. Kipimo cha 3 + √2 ni tisa toa mbili, saba. Kipimo cha 5 + 3√2 ni ishirini na tano toa kumi na nane, saba vilevile. Na namba mbili zikizidishwa, vipimo vyao navyo huzidishana. Saba haiwezi kupatikana ila kwa saba mara moja. Kwa hiyo anayetaka kuivunja 5 + 3√2 ataambulia kipande kimoja chenye kipimo cha moja au hasi moja, na vipande vya namna hiyo ni vizio, havihesabiwi kuwa mgawanyo. Mtahiniwa alikuwa sahihi toka juu mpaka chini.

Akagawanya: 5 + 3√2 kwa 3 − √2. Ikatoka 3 + 2√2. Kipimo chake: tisa toa nane. Moja. Kizio.

"Ni wenza," alisema.

"Nani?" Chapuchapu aliuliza.

"Hizi namba. Hii ni ile ya mwongozo imezidishwa na kizio. Ni namba wenza."

"Wenza kama wake wenza?" Chapuchapu akacheka mpaka miwani ikaruka kifuani. "Basi wataumana."

"Hawa hawaumani. Hawa ukimjua mmoja umewajua wote."

Alimfuata Rula kwenye meza yake ya mwisho wa bwalo, karibu na mlango wa jikoni. Rula alikuwa akijaza fomu ya maendeleo, kwa rula.

"Mwalimu," Chaki alisema, "nina jibu ambalo mwongozo haulitambui, na ni sahihi."

"Linafanana na la mwongozo?"

"Kwa sura, hapana."

Rula hakuinua kichwa. "Mwalimu, namba ikivunjwa hadi mwisho, vipande vyake ni vilevile daima. Kumi na mbili ni mbili, mbili, tatu. Hakuna atakayeniletea kumi na mbili yenye vipande vingine. Kweli au si kweli?"

"Kweli. Na hapa kanuni hiyo inasimama pia. Ila inasimama ukiacha vizio. Hata kumi na mbili, mtu akikuandikia hasi mbili, hasi mbili, tatu, hutasema kavunja kanuni."

Meza ya tatu ilikuwa imenyamaza kusikiliza. Rula aliliona hilo.

"Mwongozo umepitishwa na kamati. Karatasi karibu elfu moja zimeshapita mezani kwako, na tumebaki na siku sita. Rudi mezani."

"Nitarudi," Chaki alisema. "Lakini za namna hii nitaziweka pembeni, si kwa kukaidi. Nikikosea zitarudishiwa sifuri, ni kazi ya nusu saa."

Rula alichora mstari. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Chaki alirudi mezani akaomba boksi tupu la karatasi, akaliweka miguuni pake, na kufikia jioni lilikuwa na karatasi hamsini na moja.

Kesho yake asubuhi, nyumbani, hakuna aliyezungumza. Jikoni kwa Rula kulikuwa na meza ya duara ya watu watatu, na mtu wa tatu alikuwa Mama, mama mzazi wa Rula na mkwe wa Chaki. Mama alikuwa na miaka sabini na minane. Alishona nguo miaka arobaini, akawasomesha watoto wake kwa cherehani, na sasa macho yalikuwa yamechoka lakini vidole bado. Alikuwa anamenya maharage mabichi kwenye sufuria.

"Jana mmeingia kila mtu na mlango wake," alisema. "Leo chai mnakunywa kama mko msibani. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama," Rula alisema.

"Basi semeni."

"Ni kazi."

"Na mimi nilifanya kazi. Mkwe wangu, hebu sema wewe. Huyu nimemzaa mwenyewe, namjua, atanizungusha."

Chaki alitazama wifi yake. Rula alinyanyua mabega, maana yake sema utakavyo.

"Mama, kuna hesabu ina jibu," Chaki alisema. "Wifi ameandika jibu. Sasa wamekuja watu wengine na jibu ambalo ukilitazama ni tofauti. Mimi nasema ni lilelile. Limezidishwa tu na namba fulani, na namba hiyo haiharibu kitu."

"Haiharibu vipi? Ukizidisha si unabadilisha?"

"Zipo namba ambazo ukizidisha nazo, unaweza kurudi ulikotoka bila kuacha deni. Unazidisha na mwenzake, unarudi palepale. Mbili si hivyo. Ukizidisha na mbili, ili urudi lazima ukate nusu, na nusu hatuna humo. Lakini hizi unakwenda nazo na kurudi, zote kamili."

Mama alimenya ganda, akalitupa. "Kwa hiyo ni suruali ileile, imepinduliwa ndani nje."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukiipindua tena inarudi."

"Ndiyo hiyo."

"Sasa mteja akiniletea suruali imepinduliwa, niseme si suruali niliyoshona mimi?" Akamgeukia binti yake. "Mishono si anaiona?"

Rula aliweka kikombe. Alivuta bahasha ya bili ya maji iliyokuwa chini ya chupa ya chai, akatoa penseli kwenye nywele, akaandika. Chaki hakumsaidia. Alijua wifi yake hapendi kushikwa mkono. Rula alizidisha 3 − √2 kwa 3 + 2√2, polepole, kila hatua na mstari wake: tisa, jumlisha kipeuo sita, toa kipeuo tatu, toa nne. Tano na kipeuo tatu, yaani 5 + 3√2. Akaitazama. Kisha akazidisha 3 + 2√2 kwa 3 − 2√2, ikatoka moja, akaipigia duara.

"Inakwenda na kurudi," alisema, kama anayejisemesha.

"Inakwenda na kurudi, wifi."

"Na jana uliniambia hivi mbele ya meza ya tatu."

"Nilikwambia ukiwa umeinama unachora mistari. Ningekwambia kwa lugha gani?"

Mama alicheka. Rula naye, akitaka asitake, kicheko kikamponyoka. "Huo mwongozo nitaubadilisha mimi mwenyewe," alisema. "Usinitangulie mlangoni."

Na kweli aliubadilisha. Saa mbili na nusu alisimama katikati ya bwalo, akapiga makofi mara mbili. "Meza ya nne. Neno 'tu' lifutwe. Jibu lolote lenye namba mbili zenye kipimo cha saba lipewe alama tano. Mafurushi yote yaliyopita yafunguliwe." Akarudi kukaa. Meza ya nne ikaguna, kwa sababu mafurushi yaliyopita yalikuwa arobaini na nne, lakini Chaki alifungua la kwanza mwenyewe, na wengine wakafuata.

Karatasi ya mwandiko uliolalia kushoto ilipata tano. Chaki aliiandika kwa kijani na kwenda mbele bila kuitazama mara mbili. Kulikuwa na nyingine nyingi.

Kufikia adhuhuri alihisi kitu hakiko sawa, kama mtu aliyevaa viatu miguu imebadilishana. Alichukua karatasi moja iliyokwisha kupewa tano na jirani wa Chapuchapu. Ilisema: (3 + √2)(5 − 3√2). Kila mabano yalikuwa na kipimo chake pembeni, saba na saba, na kila saba ilikuwa imefungwa ndani ya kisanduku kidogo.

Kisanduku hicho alikijua. Ni yeye aliyewafundisha wanafunzi wake: ukipata kipimo, kifungie ndani, kisikukimbie. Hakuna chuo kingine kilichokuwa na kisanduku. Jina halikuwepo, lakini mkono ulikuwa wa darasa lake.

Akazidisha. Kumi na tano, toa kipeuo tisa, jumlisha kipeuo tano, toa sita. Tisa toa kipeuo nne. Si saba, wala haifanani na saba.

Vipimo vilikuwa sahihi, vyote viwili. Lakini 5 − 3√2 ilikuwa mwenza wa 3 + √2 ileile, kwa hiyo mtahiniwa alikuwa amezidisha kitu kimoja mara mbili kwa nguo tofauti, akaacha kile kipande cha pili, 3 − √2, ambacho ndicho hasa kilichohitajika. 3 + √2 na 3 − √2 zina kipimo kimoja na si wenza. Ukizigawanya hupati namba kamili. Unapata kumi na moja na kipeuo sita, vyote juu ya saba. Kipimo sawa hakitoshi. Ni kama watu wawili wenye uzito mmoja: mizani haiwezi kukwambia kwamba ni ndugu.

Alipitia furushi lile lote. Akapata nyingine mbili za namna hiyo, zote na visanduku.

Hapo Chaki hakuinuka mara moja, si kwa sababu hakujua la kufanya. Alijua. Alikuwa anawafikiria wanafunzi wake. Walimu waliofundisha mchana na kusoma jioni, wengine na watoto mgongoni. Alama tano zilikuwa zimeshaandikwa, na mkuu ndiye aliyeruhusu. Na yeye ndiye aliyemfanya mkuu aruhusu. Kumrudia leo hii, saa nne baadaye, na kumwambia mbele ya watu kwamba amri yake mpya nayo imekosea, lilikuwa jambo la kumfanya mtu atafute sababu za kunyamaza. Hakutafuta.

Kabla hajainuka, Chapuchapu alimgusa bega. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bwana huyo ameacha furushi nusu.

"Kiongozi, hebu niangalizie. Huyu kaandika kipeuo mbili jumlisha moja, mara kipeuo mbili toa moja. Nimezidisha..."

"Umezidisha?"

"Usinicheke. Nimezidisha. Nane toa moja, saba. Lakini nikipima, kipimo ni hasi saba. Moja toa nane. Mkuu kasema saba. Nikate?"

Chaki alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Hasi saba mara hasi saba?"

"Arobaini na tisa."

"Na saba mara saba?"

Chapuchapu akavua miwani. "Arobaini na tisa. Kwa hiyo huyu yuko sawa na amri ya mkuu inamkata."

"Na huyu," Chaki alisema akimwonyesha ile ya kisanduku, "hayuko sawa na amri inampa tano."

Chapuchapu alisoma, akazidisha kwa midomo, akapiga mluzi. "Twende wote," alisema. "Peke yako atakumeza."

Rula aliwaona wakija. Aliwaona na karatasi mkononi, akaweka rula chini kabisa, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Semeni."

Chaki alisema. Hakuzunguka wala hakuomba radhi. Alisema amri ya asubuhi ilikuwa pana mahali ilipopaswa kuwa nyembamba, na nyembamba mahali ilipopaswa kuwa pana, akaweka karatasi mbili mezani. "Na hii iliyokosea," aliongeza, "ni ya chuo changu. Najua mkono wao. Usije ukaambiwa baadaye na mtu mwingine."

Rula alizidisha ya kwanza. Akazidisha ya pili. Meza zote zilikuwa zimeweka kalamu chini sasa, hata meza ya kwanza.

Wakati huohuo mlango mkubwa ulifunguka na akaingia Katibu wa baraza la mitihani, mtu mrefu mwenye daftari jeusi, ambaye kila siku saa saba alipita kuhesabu mafurushi.

"Meza ya nne," alisema akitazama daftari. "Jana mlikuwa arobaini na nne. Leo mko ishirini. Mnarudi nyuma?"

Chaki alifungua mdomo, lakini Rula alikuwa ameshasimama.

"Tunarudi nyuma kwa amri yangu," alisema. "Mwongozo wa swali la nne niliuandika mimi, na nilikosea neno moja. Leo asubuhi nikaurekebisha, nikakosea tena. Walimu hawa wamenionyesha."

"Mara mbili?" Katibu aliuliza.

"Mara mbili. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, Bwana Katibu. Nimechutama. Sasa nipe siku moja ya nyongeza."

"Siku moja sina. Nina nusu."

"Nitachukua nusu." Rula alimgeukia Chaki, na kwa mara ya kwanza ndani ya bwalo lile akasahau kumwita mwalimu. "Wifi, ule ubao pale. Tufundishe. Wote. Dakika kumi."

Ubao wenyewe ulikuwa wa zamu za usafi. Chaki alifuta "Kufagia" na "Vyombo", akaacha "Choo" kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa rangi, na akawageukia walimu thelathini. Hakukosa neno hata moja. Aliandika namba nne zilizopangwa wenza wawiliwawili, akachora mishale ya vizio kati yao, 3 + 2√2 huku na 3 − 2√2 huko, akaonyesha jinsi 1 + 2√2 ilivyo 3 − √2 iliyozidishwa na 1 + √2, kizio chenye kipimo cha hasi moja, ndiyo maana saba iligeuka hasi. Watu waliandika. Mmoja wa meza ya sita aliuliza kama vizio ni vingapi.

"Havina mwisho," Chaki alisema. "Chukua 1 + √2, uizidishe kwa yenyewe, na tena, na tena. Kila hatua ni kizio kipya. Kwa hiyo majibu sahihi ya swali hili nayo hayana mwisho, na hakuna mwongozo utakaoyaorodhesha. Msitafute orodha. Zidisheni. Ikitoka saba, na kila kipande kina kipimo cha saba au hasi saba, ni tano. Isipotoka saba, hata vipimo viwe vizuri namna gani, ni mbili za juhudi."

"Na vikiwa vizuri kwenye visanduku?" Chapuchapu aliuliza, na bwalo likacheka, na Chaki akacheka nao.

"Hata kwenye visanduku," alisema.

Walifanya kazi mpaka siku ya mwisho, Jumamosi nzima, na ile nusu ya nyongeza, Jumapili mpaka mchana. Meza nyingine zilipomaliza zilikuja kusaidia, kwa sababu sasa kila mtu alijua kuzidisha kwa kipeuo na wengine walikuwa wameanza kuliona kama mchezo. Mwishoni hesabu ilikuwa hivi: karatasi mia moja themanini na sita zilipandishwa, ishirini na tatu zikashushwa. Rula alisaini kila iliyobadilishwa. Mkono ulimvimba, akausugua kwa barafu jikoni huku Mama akimwambia kwamba angeshona nguo mkono ungekuwa umekomaa.

Siku ya kuondoka, Rula alimsindikiza Chaki mpaka kituoni na kumbebea mto.

"Mwaka ujao swali hilo utatunga wewe," alisema. "Na mwongozo wake."

"Nitatunga. Lakini utapitia wewe."

"Mimi wa jiometri?"

"Ndiyo maana. Nataka mtu atakayenibishia."

Rula akafikiri. "Hapo umempata," alisema, akampa mto wake.

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili. Siku iliyofuata, alasiri, mwanafunzi mmoja wa Chaki aligonga mlango wa darasa ambamo mwalimu alikuwa anapanga vitabu. Mwanafunzi huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, mtu asiyeficha alichonacho moyoni.

"Nimefaulu," alisema. "Lakini daraja la kwanza limenipita kwa alama mbili. Mbili, mwalimu! Na swali la nne nilikuwa na uhakika nalo kuliko yote. Nilipima, nikafungia kwenye kisanduku, kama ulivyotufundisha."

Chaki aliweka kitabu alichokuwa nacho. Angeweza kusema siri za usahihishaji haziruhusu. Hazikuruhusu. Lakini hakuna siri iliyokataza hesabu.

"Uliandika nini?"

Mwanafunzi aliandika ubaoni, haraka, kwa fahari: (3 + √2)(5 − 3√2). Na visanduku vyake viwili.

"Zidisha."

Mwanafunzi alizidisha. Alipofika mwisho alirudia kutoka juu. Kisha akasimama na chaki mkononi, akiitazama 9 − 4√2 kama mtu aliyekuta mgeni kitandani mwake.

"Mimi nilipima tu," alisema. "Sikuizidisha."

"Kosa ni langu pia. Niliwafundisha kisanduku, sikuwafundisha kukifungua."

Chaki hakumharakisha, wala hakumpa pole ambayo hakuihitaji. Mwanafunzi akashusha pumzi, akajifuta mkono kwenye sketi, akarudi karibu na ubao.

"Sasa hii 5 − 3√2 imetokea wapi, kama si kile kipande cha pili?" aliuliza. "Maana kipimo kinalingana kabisa."

"Gawanya uone."

Akagawanya. Walikuwa bado wako ubaoni, wamejaza upande wa kushoto na kuanza wa kulia, mfagiaji alipokuja na funguo na kuuliza kama darasa hili linafungwa au halifungwi leo.